Shati Lililofuliwa Peupeni

Nchi ya Peupeni usiitafute kwa kuuliza njia, maana waliowahi kufika huko kila mmoja hutaja njia yake. Tusekile alifika, na hilo latosha. Alifika asubuhi, kikapu kichwani, na ndani ya kikapu alikuwa na kanga ya kubadilisha, kitabu cha nyimbo za kanisani, kipande cha sabuni ya mche, na ndizi za kuchoma zilizokuwa zimeshapoa zamani. Alikuwa mjane. Katika watoto aliowazaa alikuwa amebakiwa na mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemtoa kwake.

Mtoto mwenyewe alikuwa mtu mzima, Ambakisye, fundi wa kuchoma matofali. Alikwenda Peupeni kwa sababu huko wanajenga sana. Mwanzo alikuwa akituma salamu kwa kila aliyerudi. Kisha salamu zikakatika, na muuza chumvi mmoja akamwambia Tusekile, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kwamba kijana wake amewekwa ndani na serikali ya kule. Kwa kosa gani, hakujua. Kama yu mzima, hakujua. Tusekile alipiga magoti akasali, akainuka, akafunga mlango, akaondoka.

Jambo la kwanza aliloliona Peupeni ni kwamba nyumba hazina mapazia. Si umaskini, ni sheria. Mtu akipika aonekane, akigombana na mkewe aonekane, akilala mchana aonekane. Hata salamu yao ni hiyo. Hawaulizani hali. Mmoja husema, "Umeonekana?" na mwenzake hujibu, "Nimeonekana," kisha hupeana mikono na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Mlinzi wa lango alimsalimu hivyo. Tusekile hakujua la kujibu, akasema tu, "Mimi nimekuja kumwona mtu, baba. Mwanangu. Naambiwa amefungwa. Nielekeze gereza liliko."

Mlinzi alimtazama kwa upole. "Gerezani utafuata nini, mama? Huko hakuna mtu aendaye. Nenda Uwanja wa Kamba. Kila aliyefungwa yupo pale, juani, mchana kutwa, kwa yeyote atakaye kumtazama. Nchi nyingine mtu akikamatwa anapotea, ndugu zake wanahangaika ofisi hadi ofisi. Sisi tuliliona hilo ni ukatili. Peupeni hatufichi mtu."

Tusekile alimshukuru kwa moyo wote. Alijiona amefika kwa watu waungwana.

Uwanja wa Kamba ulikuwa mpana, mtu akisimama huku hamjui aliyesimama kule. Kutoka upande hadi upande zilivutwa kamba, safu kwa safu, na kwenye kamba zilitundikwa nguo: mashati, blauzi, makoti, magauni, mahali pengine kanzu. Alidhani kwanza ni siku ya kufua. Akatafuta wafungwa kwa macho, hakuwaona. Aliona watazamaji, wanapitapita kati ya nguo wakila karanga. Familia moja ilikuwa imekuja na bibi yao, wanakagua kama upande wa mchumba wa binti yao pana mtu. Bwana mmoja mwenye nyumba za kupangisha alikuwa akisoma shati moja moja kwa makini, kama anasoma Zaburi. Vijana walikuwa wakisoma kwa sauti na kucheka. "MLEVI. MZURURAJI. MLEVI tena. Huyu MSUMBUFU ana koti zuri kuliko la baba yako."

Mama mmoja mnene alikuwa ameketi kwenye kigoda, kwenye kivuli cha joho kubwa jeusi lililotundikwa. Alimwona Tusekile anavyoduwaa.

"Mgeni wewe," alisema.

"Mgeni, dada."

"Unamtafuta wako."

"Mwanangu."

"Basi tafuta shati lake. Mtu akikamatwa hapa, kabla hata hajafika kituoni, anavuliwa nguo ya juu. Inapigwa muhuri wa kosa lake kifuani, neno moja tu, sheria haipendi maneno mengi. Kisha inatundikwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya serikali, na nyingine hakuna. Mimi naitwa Siwema. Lile pale la mistari ni la mume wangu."

Tusekile alitazama. Shati lilikuwa limepauka kwa jua, lakini neno lilisomeka vizuri: MCHOMAJI.

"Pole sana. Amekaa ndani siku nyingi?"

"Ndani gani? Yuko nyumbani anamenya mihogo. Ilionekana ile nyumba iliungua kwa radi, wakamwachia, na radhi wakamwomba. Mtu akatoka. Shati halikutoka. Sheria inasema jinsi ya kulipandisha, ya kulishusha haikuandikwa. Kila akiomba kazi wanakuja hapa kwanza, wanasoma, wanarudi wanamwambia nafasi imejaa." Siwema alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mume wangu alimaliza zamani. Shati ndilo linaloendelea kutumikia. Na mimi nakuja kumwomba mlinzi wa kamba alisogeze kidogo, lijifiche nyuma ya hili joho. Kila siku ananiambia kesho."

"Na ambao hawajahukumiwa bado?"

"Kopo la wino ni moja, ndugu yangu."

Tusekile aliingia kati ya kamba. Alitembea akiinamisha uso, akaona haya kusoma makosa ya watoto wa wanawake wengine, lakini ilibidi asome. Jua lilikuwa limeshapanda alipoliona. Alilijua kabla ya kufika. Lilikuwa shati la kijani lenye mfuko wa kitambaa kingine, mfuko alioushona yeye kwa mkono wake, ule wa kwanza ulipochanika. Kifuani pamegongwa neno MWIZI. Na shati lilikuwa chafu. Kola ilikuwa nyeusi kwa jasho, mgongoni pana tope la matofali lililokauka, na kwenye mkono mmoja doa la damu ya pua. Ambakisye alikuwa akitokwa na damu puani tangu mdogo, jua likiwa kali.

Alilishika lile shati kama anavyoshikwa mtu. Halikuwa na uzito wowote.

Mlinzi wa kamba aliitwa Bwana Tindo, mtu mrefu, nadhifu, mwenye fimbo yenye panda ya kuinulia nguo. Alikuja mbio mbio kwa adabu.

"Kutazama ruksa, mama. Kushika polepole."

"Huyu ni mwanangu, baba. Nataka kumwona."

"Umeshamwona."

"Nimeliona shati."

"Ndiyo maana yake. Aliyeliona shati amemwona mtu. Zamani kulikuwa na mambo ya kutembelea, foleni langoni, watu wanalia. Ulipokuja uwazi tukayafuta. Mtu ataenda kutafuta nini ndani, na habari zote ziko hapa nje?"

"Nataka kujua kama ni mzima. Kama anakula."

Bwana Tindo alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeambiwa neno la aibu. "Hayo ni mambo ya ndani ya mtu, mama. Afya ya mfungwa, chakula chake, anavyolala, analia au halii, sheria inayalinda. Hatuwezi kuyatoa ovyo. Mfungwa naye ana heshima yake."

Tusekile alitazama kifua cha shati la mwanawe, neno likisomeka hadi barabarani. Baadaye Siwema alimwonyesha gereza kwa mbali: jengo refu, nchi nzima ndilo pekee lisilo na dirisha hata moja. Aliuliza mbona. Siwema akasema aliwahi kuuliza swali hilo hilo barazani, wakamjibu kuwa madirisha ni ya kutazamia watu, na watu wote wako nje kambani.

Alikaa kwa Siwema, maana Siwema alikataa katakata alale kwingine. Mume wa Siwema, Bwana Hanafi, alikuwa mtu mkimya aliyepika vizuri. Kila asubuhi Tusekile alikwenda uwanjani akasimama karibu na shati, akasali kimoyomoyo, akaimba nyimbo mbili tatu kwa sauti ndogo. Watu walizoea kumwona. Vijana wa karanga walimtania. "Mama, mfungwa wako hajambo leo?" Aliwajibu, "Sijui, wanangu. Ndicho ninachokitafuta." Wakaenda kucheka mbali.

Lililomtesa lilikuwa lile shati kuwa chafu. Alijaribu kutoliwaza, akashindwa. Alikuwa amemfulia Ambakisye tangu nepi. Hata alipokuwa kijana mkubwa mwenye ndevu, akirudi kutoka tanurini alikuwa akiliacha shati kwenye ndoo, naye akilichukua bila mtu kumwambia. Sasa mwanawe alikuwa amesimama mbele ya nchi nzima na kola nyeusi, na mama yake yupo, na sabuni anayo.

Alisoma kibao cha masharti ya uwanja, herufi kwa herufi, jinsi alivyofundishwa shule ya msingi. Kilikataza kushusha nguo na kuondoka nayo, kuichana, kuifunika, kuibadilisha na nyingine. Kufua hakikukutaja. Aliyekiandika hakuwahi kuwaza kwamba mtu angetaka.

Basi saa ya chakula cha mchana, Bwana Tindo akiwa amekaa kibandani na sahani yake, Tusekile alilishusha shati mbele ya watu wote, akalipeleka bombani pembeni mwa uwanja, akalifua. Hakujificha wala hakuharakisha. Alianza na kola, akafikicha kwapa, akalisugua lile doa la damu kwa maji baridi mpaka likatoka. Muhuri wa serikali alidhani ni wino wa kudumu, kama chata za magunia. Alikuwa ameinamia mgongo wa shati, anapigana na tope, wala hakuona maji yalivyogeuka meusi. Alipolikung'uta na kulitandaza, kifua kilikuwa kijani kitupu.

Alilitazama kwa muda. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, alilirudisha pale pale, akalianika ndani nje ili jua lisilipaushe zaidi.

Siwema alifika kando yake, mkono mdomoni. "Mama Ambakisye. Umefanya nini?"

"Nimefua," alisema Tusekile.

Kosa la namna ile halikuwahi kutokea Peupeni, kwa hiyo Baraza la Uwazi liliitishwa siku ile ile. Lilikutana katika jumba lisilo na kuta, watu wamejaa pande zote. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Bayana, mwenye sauti nene na miwani aliyoitumia kwa kuonyeshea vitu. Upande wa wazee alikaa Bi Dhahiri, bibi mdogo wa umbo, aliyekuwa akisuka mkeka muda wote wa kikao wala hakuna aliyethubutu kumkataza. Shati lilitandazwa mezani. Bado lilikuwa na unyevu, na jumba zima lilinukia sabuni.

Mjumbe wa kwanza alisimama akasema jambo ni rahisi: kumbukumbu ndiyo mtu, kumbukumbu haina kosa, basi mtu hana kosa, afunguliwe. Watu wakapiga makofi. Mjumbe wa pili akasema mwenzake amekosea. Kama shati halina muhuri, hakuna kumbukumbu kwamba huyu bwana yumo gerezani. Na mtu ambaye hayumo hawezi kufunguliwa, mlango utafunguliwa kwa ajili ya nani? Watu wakapiga makofi zaidi. Wa tatu akasema upumbavu, muhuri upigwe upya, tuendelee na kazi.

"Upigwe neno gani?" aliuliza Bi Dhahiri, macho yakiwa kwenye mkeka.

Bwana Tindo akaitwa. Alisema kwa masikitiko kwamba nguo ni nyingi, yeye hulinda kamba, hashiki maneno kichwani. Huenda ilikuwa moto. Huenda ilikuwa ng'ombe. Mpiga muhuri naye alikuwa amestaafu na kuhamia ng'ambo. Kumbukumbu ya pili haikuwapo, sheria ilikataza, kwa hofu kwamba kumbukumbu mbili zingeweza kupingana.

Mheshimiwa Bayana akageuza miwani kwa Tusekile. "Mama, wewe unajua kusoma?"

"Darasa la saba, baba."

"Kabla ya kufua, ulisoma neno lililokuwapo?"

"Nililisoma."

"Litaje."

Tusekile alijua kwamba akitaja uongo ni dhambi, na akitaja kweli amempiga mwanawe muhuri kwa mkono wake. Aliomba moyoni, kwa ufupi, kwa sababu muda haukuwapo.

"Neno nililiona, waheshimiwa," alisema. "Lakini mimi sikuwapo lilipotokea. Hata aliyelipiga nadhani hakuwapo. Aliyekuwapo mnaye. Muulizeni."

Mheshimiwa Bayana akatabasamu. "Tangu lini shati likaulizwa?"

"Hajasema shati," Bi Dhahiri alisema. Sasa aliweka mkeka chini. "Anasema mwenye shati. Na sheria hiyo ipo, mwenyekiti, ni kongwe kuliko kamba. Kumbukumbu ikipotea, aulizwe mwenyewe, na atakalolisema ndilo litakaloandikwa. Hatujaitumia kwa kuwa kumbukumbu zetu hazijawahi kuguswa na maji; hata mvua ikitishia, nguo huingizwa ndani."

Walibishana kidogo kama kweli kuna mtu wa kuletwa. Mwishowe askari wawili wakatumwa, wakarudi na Ambakisye.

Alikuwa amekonda. Amefunikwa gunia kifuani, anakunja macho kwa jua kama mtu aliyeamshwa. Watu wa mbele wakarudi nyuma kidogo, si kwa kumwogopa. Walikuwa hawajazoea kumwona mfungwa akiwa na uso.

Siwema akamshika Tusekile kiwiko, akanong'ona, "Sikia. Wameshikwa na sheria yao. Akisema hakufanya lolote, wataandika hakufanya lolote, na leo hii unaondoka naye. Mnong'oneze. Neno moja tu."

Bi Dhahiri akaagiza mwenye shati avae shati lake wakati wa kuulizwa. "Mama yake amvalishe," alisema, "maana naona mikono inamtetemeka kijana."

Basi Tusekile akalichukua shati, akamsogelea mwanawe. Alimvua gunia, akamwingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akaanza na kifungo cha chini. Mbavu alizihesabu bila kutaka. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na sikio la mwanawe. Neno alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa dogo, jepesi. Angesema, hakuna mwingine ambaye angesikia. Alimwona mwanawe njiani kurudi, alimwona mezani kwake, alimwona akilala chumba cha pili. Akafunga kifungo cha katikati.

"Umekula?" akanong'ona.

"Nimekula, mama."

"Pua je?"

"Inatoka mara moja moja. Mama, umefikaje huku?"

Akafika kifungo cha juu. Mikono yake ilikaa pale kifuani muda mrefu kuliko kifungo kilivyohitaji.

"Watakuuliza," alisema. "Sema unachokijua. Mimi nitakuwa pale nyuma, siendi popote." Akarudi mahali pake, na Siwema alipomtazama usoni hakumuuliza kama amesema.

Ambakisye aliulizwa alifanya nini. Tangu akamatwe, hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa.

"Kule tanurini alikuwapo mwenzangu, anaitwa Kasebele," alianza. "Alishikwa na homa, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Baiskeli ilikuwa ya msimamizi, naye hakuwapo. Niliichukua nikampakia Kasebele, nikampeleka hospitali. Wakampokea, na alipona, alirudi kwao. Hiyo baiskeli mpaka pale sidhani kama niliiba. Lakini sikuirudisha."

"Kwa nini?" aliuliza Bi Dhahiri.

"Niliipenda, bibi." Alisema huku anatazama miguu yake. "Sijawahi kuwa na baiskeli. Nilisema nitairudisha kesho. Kesho nikaenda nayo mtoni. Kesho yake nikasema nitairudisha imesafishwa. Msimamizi akawa anawauliza watu kama wameiona, na mimi nikamjibu sijaiona. Walinikuta nafuta njiti za gurudumu. Kwenda hakukuwa wizi. Kutorudi ndio ulikuwa wizi. Na kumdanganya msimamizi, hilo linaniuma zaidi, maana alikuwa akinigawia chai."

Hakuna aliyepiga makofi. Tusekile alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka, na ukimuuliza yalikuwa ya uchungu au ya shukrani, angekuambia yalitoka pamoja.

Mheshimiwa Bayana alikohoa. "Basi ni mwizi. Gonga neno."

"Sheria inasema atakalolisema ndilo litakaloandikwa," alisema Bi Dhahiri. "Hakusema neno moja."

"Tufupishe."

"Fupisha."

Mheshimiwa Bayana alijaribu. Alitaka homa iondolewe. Mjumbe wa pili akasema homa ikiondoka, safari haieleweki. Wa tatu akataka chai iondolewe, lakini mama mmoja kati ya watazamaji, asiye na ruhusa ya kusema, akasema chai ndiyo jambo lenyewe. Wakashindana mpaka njaa ikawauma. Mwisho akaletwa mwandishi na brashi na kopo la wino, akamwandika Ambakisye shati mwilini, kifuani, akamgeuza mgongoni, akashuka mikononi, na neno chai likaangukia kwenye mfuko. Kisha wakaamua kwamba atabaki ndani mpaka mavuno, kwa ile baiskeli na kwa ule uongo. Na kwa kuwa shati sasa lilikuwa na mambo ya kueleza, na mtu akiwa na swali hakuna wa kumjibu ila mwenyewe, mama yake aruhusiwe kumwona.

Wino usioguswa na sabuni hukaa miaka, lakini Tusekile aliuelewa sasa vizuri, hakuuogopa. Kila wiki alikwenda gerezani na chakula, akaketi na mwanawe mlangoni, kwa kuwa dirisha halikuwapo.

Pale uwanjani mambo yaligeuka taratibu. Shati la kijani, lililorudishwa kambani, lilichukua muda kusomwa. Vijana wa karanga walilianza wakicheka na kulimaliza wakiwa kimya, wengine wakalizunguka wapate kusoma mgongo. "Kumbe mgonjwa alipona," mmoja alisema. Yule bwana wa nyumba za kupangisha alisimama hapo kwa muda, kisha akaondoka bila kuendelea na kamba nyingine. Na siku moja saa ya chakula, mwanamke mwingine akaonekana bombani na blauzi ya dada yake. Kisha wawili. Baraza likapiga marufuku sabuni uwanjani. Wakatumia majivu. Likapiga marufuku majivu. Wakatumia maji matupu na subira. Kila nguo iliyofuliwa ilimtoa mtu gerezani kuja kuulizwa, na kikao kikawa hakiishi. Wengine walisema mambo mabaya kweli kweli, yakaandikwa kama walivyoyasema, na watu wakayasoma hayo pia.

Siwema alifua shati la mume wake. Bwana Hanafi akaitwa kutoka nyumbani, akaja na maganda ya mihogo mikononi, akaulizwa alifanya nini. Alisema, "Mimi sikufanya kitu. Ilikuwa radi." Ndivyo lilivyotundikwa. Kabla ya mavuno alikuwa amepata kazi ya upishi kwa watu waliolisoma wakaja kumcheka, wakaishia kuonja mihogo yake.

Mavuno yakafika. Ambakisye alitolewa asubuhi, kifua wazi, na mama yake akampitisha uwanjani, kwa kuwa kijana mwenyewe aliomba. Bwana Tindo alikuwapo na fimbo yake.

"Shati linabaki," alisema. "Unajua."

"Najua, baba."

Ambakisye alilisoma lote, tangu kifuani hadi mkononi. Alikuwa hajawahi kulisoma likiwa nje ya mwili wake. Alipomaliza alikuna kichwa.

"Mtu akilisoma hivi, atadhani bado nimo ndani."

"Yote ndivyo yalivyo," alisema Bwana Tindo. Kisha akaonekana kusikia alichokisema. Alitazama kamba ya kwanza, na ya pili, na zile za mbali. Alienda kibandani akarudi na brashi. "Sheria haisemi niandike," alisema polepole. "Wala haisemi nisiandike. Niweke nini?"

Ambakisye akamtazama mama yake.

"Weka kilichotokea," alisema Tusekile.

Kwenye pindo la chini, pale ambapo mtu huchomekea, palikuwa na nafasi ndogo ya kijani. Bwana Tindo aliinama, akaandika kwa herufi ndogo, kila neno akilitamka kabla ya kuliandika, kama mtoto wa darasa la kwanza. Leo ametoka. Mama yake amekuja kumchukua.

"Weka nukta," alisema Siwema, aliyekuwa amekuja kuwaaga. Akaiweka.

Katika uwanja ule wote hapakuwa na nguo nyingine yenye mwisho. Bwana Tindo alikaa akiitazama ile nukta, brashi mkononi, na wao wakamwacha hapo.

Tusekile alivua kanga yake ya juu, akamfunika mwanawe mabega. Ilikuwa ya maua makubwa mekundu, na Ambakisye alikuwa na ndevu. Watu waliokuwa wakipita wakageuka.

"Mama, wananitazama."

"Waache watazame," alisema Tusekile, akaweka kikapu chake kichwani. "Wewe tembea."